Moduli imeungua baada ya wiki mbili: nifunge nyingine au nirudi kwenye pointi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Arusha, nina Land Rover Series III 109 ya mwaka 1976, injini ya petroli ya lita 2.25, niliyoachiwa na marehemu baba. Ilikuwa ikishapata joto inamisi, na kwenye mlima inakosa nguvu. Fundi akanishauri niachane na pointi, ile swichi ndogo ya cheche iliyo ndani ya distribyuta (kigawa cheche), nifunge moduli ya elektroniki mahali pake pamoja na koili (inayokuza umeme wa plagi) ya "spoti". Akasema gari litaongezeka nguvu na mafuta yatapungua. Wiki mbili lilikwenda vizuri, kisha likazima njiani na halikuwaka tena. Moduli imekufa. Sasa anasema ile ilikuwa feki, ninunue ya bei kubwa zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue kitu chochote kwanza.

Chomoa zile nyaya mbili nyembamba kwenye koili, chukua mita, iweke kwenye kipimo kidogo kabisa cha ohm. Gusanisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe usome namba, maana nyaya za mita nazo zina ukinzani wake. Hiyo utaitoa baadaye. Kisha gusa upande wa chanya na upande wa hasi wa koili. Ukipata karibu ohm 3, koili haina kesi. Ukipata karibu 1.5, mwenye kosa umeshampata, na si moduli.

Injini inapozunguka, umeme wa gari unafika volti 14 hivi. Gawanya kwa 3: ampea hazifiki 5. Gawanya kwa 1.5: zinapita 9. Koili za ohm 1.5 zimetengenezwa zifanye kazi na rezista mbele yake, au na moduli ya aina inayojipimia umeme yenyewe. Moduli ndogo za bei ya kawaida zinazoingia ndani ya distribyuta ya silinda 4 nyingi hazijipimii, na karatasi inayokuja nazo mara nyingi huandika wazi kwamba koili isipungue ohm 3. Karatasi hiyo ndiyo kitu cha kwanza kutupwa gereji. Hata iliyokufa ingekuwa halisi ya kiwandani, kwenye koili ya namna hiyo ingekufa vilevile, na hiyo ya bei kubwa itaifuata.

Jiulize pia kama kuna siku swichi iliachwa imewashwa na injini imezima, labda mtu akihangaika na taa au kabureta. Moduli ya aina hii ikikaa hivyo dakika kadhaa inajikaanga. Hilo ni la kumwambia kila anayeshika ufunguo wa gari hilo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, kwa sababu barua kama yako napokea nyingi. Watu wameaminishwa kwamba elektroniki inaongeza nguvu. Haiongezi. Pointi ni swichi tu: zinafunga koili ijae umeme, zinafunguka cheche inaruka. Moduli nayo ni swichi. Injini yako ikizunguka mara 4,000 kwa dakika inahitaji cheche 8,000, yaani kama 133 kila sekunde, na pointi nzima zinaziweza zote bila shida. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, gari lililotoka kiwandani na pointi. Koili ya "spoti" nayo haisukumi volti nyingi kwenye plagi kwa kupenda kwake. Cheche ikishapata nafasi ya kuruka, inaruka, na volti zinaishia hapo.

Faida ya kweli ya moduli ni nyingine kabisa. Kile kisigino cha pointi kinachosuguana na kemu (pembe za shafti ya distribyuta) kinalika, nafasi ya pointi inapungua, na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inachelewa kidogo kidogo bila wewe kujua. Moduli haina kisigino. Ukishaiweka taimingi yake, inakaa. Basi. Aliyeona gari limepata nguvu baada ya kubadilisha, alikuwa na pointi mbovu au taimingi iliyoteleza, na fila geji (kibati cha kupimia nafasi ya pointi) ingemrudishia nguvu ileile.

Kingine ambacho moduli haitibu ni uchakavu wa distribyuta. Toa kifuniko na rota (kile kidole kinachozunguka chini yake), shika ncha ya shafti kwa vidole viwili, isukume huku na huku. Ikicheza, bushi zimekwisha, na cheche hazifiki kwenye silinda zote kwa wakati unaotakiwa. Angalia springi za vile vyuma vinavyofunguka kwa mwendo. Nyonya kwa mdomo mpira wa vakyumu. Pumzi ikipita moja kwa moja, ule utando wa ndani umepasuka.

Niliwahi kuletewa Peugeot 504 iliyokwishabadilishiwa moduli tatu. Ndani ya distribyuta kuna kawaya kafupi ka ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari), kanacheza pamoja na sahani kila unapokanyaga mafuta. Kwa macho kalikuwa kazima, ngozi haina hata mkwaruzo. Nikakavuta, kakanyumbuka kama mpira: shaba yote ya ndani ilikuwa imekatika, imebaki plastiki. Ikigusana gari linakwenda, ikiachana linazima. Mwenye gari alikuwa amelipa moduli tatu kwa ajili ya waya wa urefu wa kidole.

Ndiyo maana hasira yangu siielekezi kwenye moduli. Naielekeza kwa fundi anayebadilisha kabla ya kupima. Gari lako lilikuwa linamisi likipata joto. Hiyo kwa kawaida ni kondensa (kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue), au koili inayochoka kwa joto, na wakati mwingine ni petroli inayochemka kwenye bomba. Je, kuna aliyetazama nyuso za pointi zile za zamani? Zikiwa na rangi ya bluu, au upande mmoja una kishimo na wa pili kichuguu, kondensa ndiyo ya kuulizwa kwanza. Naye aliyefunga moduli, aliweka taimingi upya kwa taa ya kupimia taimingi, au alizungusha distribyuta huku ametega sikio? Sikio halisikii taimingi ikikosea kwa nyuzi 4. Taimingi ikitangulia kupita kiasi, injini inagonga ukiwa na mzigo mlimani, na kinachoharibika hapo ni pistoni.

Jihadharini pia, nyote wenye magari ya zamani, na rota na kondensa za bei ya kutupa. Nimekata rota mpya iliyokuwa na ripiti ndefu mno, umeme unapenya kwenye plastiki kwenda kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Kama ile ya zamani ni nzima, isafishe uirudishe. Na Land Rover za kabla ya mwaka 1967 nyingi ethi yake ni chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Moduli ya ethi hasi ukiifunga huko, inakufa ukigeuza ufunguo tu.

Kwako wewe, rudisha pointi na kondensa nzima, koili ya ohm 3, nafasi ya pointi ya milimita 0.35 hadi 0.40, kisha taimingi kwa taa. Litembeze mwezi mzima. Likitulia na bado unataka moduli, funga, sina ubaya nayo, ila pointi zilizokwisha kupimwa, kondensa na bisibisi viwe kwenye kopo ndani ya gari. Pointi unaweza kuzisugua porini ukafika nyumbani. Moduli iliyokufa huwezi kuifanya chochote.

Ukishapima koili na kucheza na shafti, niandikie ulichokuta, uniambie na rangi ya plagi zote nne.