Baga Nzuri Haiko Kando ya Barabara Kuu

Ukiendesha lori Marekani kwa muda, unaona kwamba kila njia ya kutokea barabara kuu inafanana na iliyotangulia: kituo cha mafuta, nyumba ya kulala wageni, na mabango yaleyale matatu manne ya baga. Sina ugomvi nayo. Saa nane za usiku, baridi inauma, bora tumbo lipate kitu. Lakini hiyo si baga ya kumsimulia mtu. Baga ya kumsimulia mtu iko ndani, kwenye mji ambao zamani uliishi kwa reli, katika chumba chembamba chenye viti vya duara mbele ya kaunta.

Mfano ninaopenda kuutoa ni El Reno, Oklahoma. Mji huo uko kama kilomita 45 magharibi mwa Oklahoma City, kando ya barabara kuu ya I-40, njia ambayo wengi wetu madereva tunapita tukielekea California. Baga ya hapo ni ya kitunguu, na sisemi kitunguu cha kupambia. Kwa macho, kinakaribia kulingana na nyama. Wenyeji husimulia kwamba ilianza miaka ya 1920, kipindi ambacho mafundi wa reli waligoma, mwaka 1922, na mifuko ikakauka. Mji wote ulitegemea reli. Nyama ghali, kitunguu bei chee, basi wapishi wakazidisha kitunguu ili nyama ionekane nyingi. Hela ziliporudi, hakuna aliyetaka kitunguu kipunguzwe.

Ukifika, usikae mezani hata kama meza ipo. Kaa kaunta, uone. Mpishi anachukua donge la nyama ya kusaga, analitupa juu ya bapa la chuma lililokolea moto, anarundika juu yake kitunguu kilichokatwa nyembamba kama uzi, kisha anakandamiza kwa mgongo wa mwiko wa chuma mpaka kitunguu kinazama ndani ya nyama na kingo zinachanikachanika. Anageuza. Sasa kitunguu kiko chini, kinakaangika kwa mafuta ya nyama yenyewe, kinageuka hudhurungi na pembeni kinaungua kidogo. Jibini inawekwa juu, halafu skonzi inafunikwa palepale ilainike kwa mvuke. Zile kingo zilizoungua ndizo zenye utamu wote. Mtu akikuletea baga ya El Reno yenye kitunguu cheupe, rudisha.

Mgahawa wa Robert's Grill umekuwepo tangu 1926. Johnnie's na Sid's, nazo za baga hiyohiyo, haziko mbali nao, unatembea kwa miguu. Mimi ningeanza Robert's kwa sababu ni ndogo, na mpishi huwezi kumkosa machoni. Jumamosi ya kwanza ya Mei mji hufanya sherehe na kupika baga moja kubwa ya zaidi ya kilo 350. Kama shida yako ni kula na si kupiga picha, nenda siku nyingine.

Sasa, miji mingine isiyo na sifa kama hiyo utaijuaje? Njia yangu ni kuuliza, ila inategemea unauliza nini. Mhudumu wa kituo cha mafuta ukimuuliza chakula kizuri kiko wapi, atakutajia kilicho karibu. Mtafute fundi wa matairi, umuulize, "Wewe mwenyewe leo umekula wapi?" Hapo hawezi kukupa jibu la kuzuga. Ukifika, angalia kwanza menyu. Ikiwa na pizza, samaki, tambi na baga, huyo hana anachokijua sana. Kisha tupia jicho jikoni: nyama iliyo katika madonge mara nyingi imesagwa hapohapo au imeletwa bila kugandishwa, ile iliyopangwa bapa bapa na karatasi katikati mara nyingi imetoka kwenye friza. Ingia kuanzia saa tano na nusu asubuhi mpaka saa saba mchana, chuma kikiwa cha moto na wafanyakazi wa mji wamejaa. Sehemu nyingi za aina hii hufunga mapema na hazifungui Jumapili, kwa hiyo piga simu kabla ya kukata kona.

Na tela usiingie nalo katikati ya mji. Barabara ni nyembamba, nyaya za umeme zinaning'inia chini chini, na polisi wa mji mdogo hana kazi nyingi. Liache kituo cha malori uingie na kichwa, kama kampuni na mzigo vinaruhusu.

Kwa wanaoshuka New Mexico kwa I-25, kuna kijiji kinaitwa San Antonio, kusini kidogo ya Socorro. Conrad Hilton, yule wa mahoteli, alizaliwa hapo mwaka 1887, ingawa ukipita utajiuliza alizaliwa wapi hasa, maana nyumba zenyewe za kuhesabu. Owl Bar ilifunguliwa 1945, mwaka uleule bomu la kwanza la atomiki lilipojaribiwa jangwani upande wa mashariki, na wenyeji husimulia kwamba wanasayansi walikuwa wakija kula. Agiza baga ya jibini na pilipili ya kijani. Pilipili hiyo huchomwa kwanza, ikamenywa na kukatwakatwa, na ina moshi ndani yake. Sisi tuliokulia kwenye pilipili mbuzi hatutatoka jasho, lakini ladha yake ni nyingine kabisa.

Mara ya kwanza, kula kama wanavyoipika. Najua mkono wetu unavyokimbilia chupa ya tomato. Louis' Lunch ya New Haven, Connecticut, inachoma baga kwenye majiko ya chuma ya 1898, inaiweka kati ya vipande vya mkate uliobanikwa, na chupa ya tomato huipati hata ukiomba kwa adabu.

Ndugu zangu Waislamu, mbali na suala la nyama yenyewe, ulizeni kama bekoni, yaani nyama ya nguruwe, inakaangwa kwenye chuma hichohicho, maana mara nyingi ni hichohicho. Kwa wasiopenda nyama yenye damu, baga nyembamba haina tatizo, inaiva yote. Nene ndiyo ya kusema mapema. Serikali ya huko inashauri nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Bakshishi ni asilimia 15 hadi 20, na uwe na noti mfukoni, kwani baadhi ya kaunta hizi hazipokei kadi.