Angalia mwezi kabla ya kupanga safari ya jangwani

Umeuliza uende lini ili uione Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota za galaksi yetu, vizuri. Chagua usiku usiozidi siku nne kabla au baada ya mwezi mwandamo. Mwezi mpevu hufifisha nyota hata kama taa ya karibu iko kilomita 300. Kitovu cha Njia Nyeupe, upande wa kundinyota la Mshale, huonekana vyema kati ya Aprili na Septemba. Jua likizama, subiri kama saa moja na nusu, kisha yape macho dakika 20 hadi 30 gizani. Ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya (hapa ndipo wengi hujiharibia), kwa hiyo beba tochi ya mwanga mwekundu.

Usidanganywe na joto la mchana. Hewa kavu isiyo na mawingu hupoteza joto haraka usiku, na baridi hiyo hudhoofisha betri. Ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Maji ni angalau lita 5 kwa mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku mbili. Gari likikwama mchangani, punguza upepo wa matairi. Likigoma kabisa, usiliache: gari huonekana kwa mbali kuliko mtu anayetembea.