Ruzuku ya Marekani: 15% ni sheria au tunapunjwa?

SWALI: Naratibu miradi katika kitivo cha kilimo cha chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Tunaandaa andiko la utafiti wa maharage pamoja na chuo cha Marekani, fedha zikitoka serikali ya kwao. Wanasema gharama zetu za uendeshaji zisizo za moja kwa moja (kama umeme, ofisi na uhasibu wa chuo) ni 15% tu, na haipigwi kwenye vifaa wala ada za wanafunzi. Ni sheria au tunapunjwa?

JIBU: Ndugu mratibu, hapo hampunjwi. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani zinairuhusu taasisi isiyo na kiwango ilichojadiliana na serikali hiyo kuchukua hadi 15%, bila kudaiwa nyaraka za kukithibitisha. Kabla ya Oktoba 2024 ilikuwa 10%.

Wengi hukwama kwenye msingi wa hesabu, yaani kiasi ambacho hiyo 15% hupigwa juu yake. Tuseme gharama zenu za moja kwa moja ni dola 200,000, na humo mna mashine ya maabara ya 40,000 na ada za 30,000. Toa hizo mbili, zinabaki 130,000. 15% yake ni 19,500, si 30,000. Posho na nauli za wakulima wanaokuja kwenye mafunzo nazo huondolewa kwenye msingi. Ila kifaa kinachoondolewa ni cha dola 10,000 kwenda juu, labda sera ya mali ya chuo chenu iwe imeweka kiwango cha chini zaidi. Mizani na kompyuta mpakato kwa kawaida hubaki ndani ya msingi, na wahasibu hupenda kuzifyeka pamoja na mashine. Zirudisheni.

Pa kubishania ni pale mtakapoambiwa 5% au 8%. Ombeni kifungu cha sheria au kanuni ya Marekani kinacholazimisha hivyo. Bila hicho, mshirika wenu hana ruhusa ya kuwashusha. Na mhasibu atakayeshughulikia mradi huu peke yake, mwombeeni mshahara kwenye gharama za moja kwa moja, mradi asihesabiwe mara mbili.

Mpango wa chuo cha Marekani kupokea kisha kugawa si mgeni. Bunge lao liliuwekea msingi mwaka 1975 katika sheria ya misaada, na maharage ya Rojo kutoka SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ni zao lake. Lakini USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa mlipaji mkuu, limefungwa tangu Julai 2025. Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni ni wakala gani analipa, mpewe na tangazo lenyewe la ruzuku, si muhtasari wa mshirika.