Hachi kumchagua Takumi hakukuiharibu Nana

Mleta mada, umeuliza kwa nini watunzi wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za mapenzi humpa mhusika wetu mwanaume asiyefaa, ukatoa mfano wa Nana ya Ai Yazawa: Hachi anamwacha Nobu anayempenda kwa dhati, anaenda kwa Takumi mwenye wanawake kila kona. Umesema hadithi ilikosa uhalisia hapo, ukaiweka chini. Kwamba inauma, tuko pamoja. Ila kwenye uhalisia nakupinga kabisa, na naomba univumilie maana hii kitu naisoma tangu niko chuo na mpaka leo huwa nairudia.

Hebu tazama Hachi ana nini mkononi siku anapogundua ni mjamzito. Kazi hazimkai. Shoji, mpenzi ambaye Hachi alimfuata mpaka Tokyo, alishamwacha akaenda kwa msichana wanayefanya naye kazi. Anaishi kwenye ile nyumba namba 707 na rafiki yake Nana Osaki, kodi wanachangia. Nobu ni mpiga gitaa wa bendi inayohangaika kutoka. Kwao wana nyumba ya wageni ambayo angeirithi, lakini aliikimbia akachagua muziki. Takumi ndiye kiongozi wa Trapnest, bendi iliyokwisha kufika mbali, na pesa ipo. Halafu mimba yenyewe, ukihesabu siku, inaelekea kuwa ya Takumi.

Sasa habari inapomfikia Takumi, hababaiki. Anasema mtoto atamtambua, na baada ya hapo mambo yote anayapeleka yeye. Nobu, ambaye moyo wake wote uko kwa Hachi, neno la kusema halimtoki kwa wakati. Mimi ukurasa huo huwa nausoma polepole. Nobu hajafanya kosa lolote, ni kijana aliyepigwa na jambo zito kuliko umri wake, lakini tumbo la Hachi halina nafasi ya kumsubiri akue. Yazawa hakutudanganya kwamba huyu ndiye mume bora. Takumi anabaki vilevile, mbabe na msaliti, mtu wa kupanga maisha ya wengine kama ratiba ya bendi. Vile vipande vya miaka ya mbele vinapomwonyesha Hachi na binti yake Satsuki, baba kwa kawaida hayupo. Mtunzi ameonyesha gharama ya ule uamuzi waziwazi, na hajamtukana Hachi kwa kuufanya.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alipitia njia inayofanana na hiyo. Kulikuwa na kijana fundi wa redio pale mtaani, mpole, anamchekesha dada mpaka anashika mbavu. Na kulikuwa na mfanyabiashara wa nguo, mtu wa safari, simu anapokea akijisikia. Dada aliposhika mimba ya huyu wa pili, mshenga alifika nyumbani wiki hiyohiyo na barua na kishika uchumba. Fundi alikuja pia, jioni, akakaa kwenye benchi nje na mikono katikati ya magoti. Akamwambia dada ampe muda azungumze na kaka yake. Mama mkubwa aliuliza swali moja tu: "Mtoto atakula nini?" Mimi nilikuwa nimeshamwita fundi shemeji moyoni mwangu, nilinuna siku nyingi. Lakini hakuna hata mtu mmoja pale nyumbani aliyeshangaa dada alipokubali barua. Kwa hiyo nikisoma watu wanasema "hakuna mwanamke angefanya vile", najiuliza wamekaa kwenye vikao gani.

Ukitaka kuona uhalisia ukiuawa kweli, chukua Usagi Drop ya Yumi Unita, iliyotoka 2005 mpaka 2011. Daikichi, kapera wa miaka thelathini, anaenda kwenye msiba wa babu yake na kukuta mtoto wa miaka sita, Rin, ambaye ukoo mzima unaamini ni wa marehemu na hakuna anayemtaka. Anamchukua. Kisha unaanza kusoma mambo ambayo manga nyingi huyaruka: kutafuta chekechea, mtoto kukojoa kitandani, homa za usiku, Daikichi kuomba ahamishwe kitengo kazini ili awahi kumchukua. Ni kazi safi sana. Baadaye hadithi inaruka miaka kumi, Rin ni msichana wa sekondari, na mwisho wake anampenda Daikichi. Kizuizi cha damu kinaondolewa kwa kufichua kwamba kumbe babu hakuwa baba yake mzazi!

Hapo ndipo nami nilikasirika, na hasira haijaisha. Damu haikuwa tatizo hata kidogo. Tatizo ni zile homa za usiku. Mtu aliyekupangusa pua na kukusukia nywele asubuhi ya shule ni mzazi wako, na mtunzi mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo kurasa kwa kurasa. Uamuzi wa Rin haukutoka kwenye yale maisha tuliyoyaona, ilibidi siri iletwe kutoka nje ndipo uwezekane. Wa Hachi ulitoka kwenye kodi, kazi na mimba, vitu vyote vilivyokuwa mezani tangu mwanzo.

Kwa hiyo nikikutana na chaguo linaloniudhi, huwa narudi nyuma sura kadhaa kutafuta sababu zake. Nikizikuta, namwachia mhusika maisha yake hata kama nalia. Nisipozikuta, lawama naipeleka kwa mtunzi.

Nana irudie, usiishie pale. Juzuu ziko 21, na imesimama tangu 2009 Yazawa alipougua, kwa hiyo hata hiyo ndoa hatujaiona mwisho wake. Usagi Drop soma juzuu nne za kwanza halafu funga kitabu. Anime yake (katuni ya televisheni) ya 2011 nayo iliishia Rin akiwa bado mdogo, na walioitengeneza walifanya la maana.