Re: Mto Mkondoa, tuta, bwawa au mfereji wa kuchepusha?

Mkuu umeuliza kwa vijiji vya Kilosa kipi bora kuzuia mafuriko ya Mto Mkondoa, kuinua tuta (ukuta wa udongo kando ya mto), bwawa huko juu au kuchimba mfereji wa kuchepusha maji. Mimi naenda na tuta, ila lijengwe mbali na mto, sio pale kwenye ukingo kabisa. Mkondoa unashuka na mchanga mwingi sana, sasa ukiubana kati ya tuta mbili za karibu mchanga unatulia, sakafu ya mto inapanda kila masika, kesho unaongeza tena kimo cha tuta na likipasuka kama ile Desemba 2009 watu hawana pa kukimbilia. Ukiliweka mbali maji yanatanuka, spidi inapungua, na mashamba yanapata rutuba. Bwawa linasaidia lakini mchanga huohuo ndo unalijaza, angalia bwawa la Kidete. Mfereji nao unataka mteremko wa kutosha na mdomo wa zege au gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe), maana ukiacha udongo mtupu mto wote unahamia humo, halafu kijiji cha chini kitakachopokea hayo maji wameulizwa? Na jamani tusilime juu ya tuta wala kuchungia ng'ombe, nyufa zinaanzia hapo.