Maswali ya Wasomaji: Kikomo cha Simu Kinachojifungua Saa Sita Usiku

SWALI: Habari za kazi. Nimejiwekea kikomo cha dakika 45 kwa siku kwenye TikTok, simu yangu ni Tecno. Usiku nikipanda kitandani nachungulia kidogo, nashtukia saa saba kasoro. Mchana nikiwa kwenye mwendokasi, pale ninapotaka kweli kuangalia, inagoma! Simu ina kasoro?
Dada wa Kimara

JIBU: Simu ni nzima, dada. Kipima muda cha Android huanza kuhesabu upya saa sita kamili usiku. Ukiwa bado macho, unakabidhiwa dakika za kesho na kuzimaliza kabla hujalala. Mchana ikoni ni ya kijivu. Kinachofuata tunakijua: hasira, unaingia kwenye mipangilio, unakifuta kipima muda. Hakikuombi hata nywila.

Kwa hiyo anza na usiku, dakika zije baadaye. Fungua Mipangilio, kisha Nidhamu Dijitali (Digital Wellbeing kama simu iko kwa Kiingereza), uweke muda wa kulala kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Angalizo: simu inasoma saa za kizungu, hivyo andika 22:00 hadi 06:00. Ukiandika 4:00 itanyamaza alfajiri, si usiku. Skrini itageuka kijivu na arifa zitatulia, lakini programu hazifungwi. Ndiyo maana simu ichajiwe sebuleni. Utasema unaihitaji kwa alamu na simu za dharura. Kazi hizo mbili kitochi kinaziweza, na ndugu wapewe namba yake. Bando la usiku nalo liache, hata liwe rahisi namna gani.

Sasa dakika. Tazama wastani wako wa wiki humo humo kwenye Nidhamu Dijitali. Kama ni saa 3 kwa siku, kushuka ghafla hadi dakika 45 hakudumu. Weka 135 wiki ya kwanza, 100 ya pili, kisha 75. Wenye iPhone wanaweza kufunga kikomo kwa nywila; aiweke mtu mwingine, vinginevyo ni bure.

SWALI: Nauza vitenge Kariakoo na oda zinaingia WhatsApp hadi usiku wa manane. Nitapunguzaje simu bila kupoteza wateja?
Mama Vitenge

JIBU: Tumia WhatsApp Business. Kwenye zana za biashara kuna ujumbe wa kutokuwepo: andika kwamba oda zinajibiwa kuanzia saa mbili asubuhi, uupangie utoke nje ya saa za kazi. Wengi hukosea kwa kuzima data wakalala. Ujumbe huo hautoki simu ikiwa haina intaneti. Acha data imewashwa, zima sauti, simu ikae chumba kingine. Magrupu ya harusi na vikoba yanyamazishe moja moja na kuyaweka kwenye kumbukumbu (Archive), maana hayo ndiyo yanayokufungulisha WhatsApp kuliko wateja.