Jibu: Mifupa ya mama mwenye maradhi ya ini

Dada yangu, pole. Nimekuelewa: mama yako ana miaka 58, ini lake lina makovu yaliyotokana na homa ya ini aina ya B, amevunjika mkono kwa kuteleza tu ukumbini, nawe wauliza kama umnunulie vidonge vya estrojeni (homoni ya kike) na vya antioksidanti (viini vya kulinda seli, kama vitamini E).

Tafadhali usinunue bado. Hedhi ikikoma, estrojeni hupungua na mfupa huliwa kwa kasi. Tena ini ndilo huanza kuitayarisha vitamini D ifanye kazi, kwa hiyo mama ameathirika pande mbili. Hata hivyo, estrojeni ya kumeza hupitia ini kwanza, na vitamini E nyingi huweza kuzidisha kutokwa na damu.

Nilipomuuguza shangazi yangu hapa Mombasa, nilimwaga mfuko mzima wa dawa, na mizizi ya dawa kutoka soko la Kongowea pia, mezani kwa daktari, naye akazitenga moja moja. Nawe fanya hivyo. Omba kipimo cha uzito wa mifupa na cha vitamini D, na uulize kama ana mishipa ya damu ya koo iliyovimba kwa sababu ya makovu ya ini, kwani baadhi ya vidonge vya mifupa huichoma.

Akitapika damu au akichanganyikiwa, mpeleke hospitali usiku huo huo.